Kifungo cha Koti la Baba

Fordsburg, Johannesburg,
Jumapili, 18 Mei 2025.

Mpendwa dada yangu Mayasa,

Asalaam aleykum. Pokea salamu nyingi kama punje za mchele wa Ifakara, na ukikuta mawe ndani yake, hayo ni yangu, yachambue uyatupe.

Habari za afya? Goti la kushoto bado linatabiri mvua? Mara ya mwisho uliniambia limewashinda watu wa redio. Na presha je, dawa unazimeza au unaziangalia tu? Naseeb na mkewe hawajambo? Mjukuu wako ameshaota meno, au bado anawacheka watu kwa ufizi kama Babu Karimu atakavyokuwa karibuni?

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi imeingia bila kungoja karibu. Mimi ni mzima, isipokuwa tumbo, ambalo limekua mpaka nikikata suruali yangu mwenyewe napima mara mbili, kwa sababu ya kwanza siiamini. Wifi yako Nomsa anakusalimu sana na anauliza mbegu za mlenda ulizomwahidi. Unamjua, mtoto wa wakimbizi wa Mazimbu yule: wazazi wake walirudi kwao Afrika Kusini na uhuru wao, yeye akarudi na hamu ya mlenda.

Barua hii anakuletea Jeremia, dereva wa lori la vipuri ambaye hupita Msamvu akienda Dar. Nimemwambia asikukabidhi mpaka umpe chai. Kwa hiyo kama unasoma sasa, nakushukuru kwa chai pia.

Najua unajiuliza kwa nini naandika karatasi kama mwanafunzi wa bweni, wakati juzijuzi tumeongea kwa simu. Kwanza, jambo lenyewe nikilisema kwa mdomo nitalia, na wewe utanicheka huku ukilia. Pili, kuna kitu kidogo ndani ya kitambaa humu kwenye bahasha ambacho hakipiti kwenye simu. Usikifungue mpaka umalize kusoma. Najua umeshakifungua. Haya, tuendelee.

Dada, asante. Nimeanza na hilo kwa sababu nikichelewa nitaanza mizaha na shukrani itapotea katikati. Miezi saba tulikuwa tunasalimiana kupitia kwa Naseeb kama watu wa balozi mbili. Baba alipofariki Oktoba sikuja kuzika, kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kinasubiri kuhuishwa, na ningetoka nisingerudi kwa mke na mtoto. Hilo ulinisamehe siku ileile. Ambalo hukunisamehe, na haki ilikuwa yako, ni kwamba kabla hata arobaini haijasomwa nilikupigia simu nikadai gita la Baba. Sikuliomba. Nilisema "gita langu". Ukanijibu, "Njoo kwanza ulie, halafu uulize vitu." Nami nikakurudishia neno ambalo sitaliandika hapa, maana Jeremia ni mtu mwema lakini njia ni ndefu na bahasha ni nyepesi.

Sasa nikueleze ni nani aliyenifundisha adabu, kwa sababu kwenye simu nilikuambia "mgeni mmoja mpiga gita" tu, na wewe kwa huruma yako hukuniuliza zaidi.

Anaitwa Silvano. Ndiyo, kama yule katekista wa kule Kichangani aliyekuwa anatufukuza kwenye mapera. Huyu ni mzee wa miaka sitini na kitu, mfupi, masharubu yamechongwa kama amepimiwa kwa chaki. Ni Msinti. Wasinti ni watu waliokaa Ujerumani na nchi za jirani karne na karne, wana lugha yao na desturi zao, na wana jazi yao ya magita. Hawana haja ya mpiga ngoma. Ngoma ni mkono wa kulia wa yule anayepiga ridhimu: chapa, kata, chapa, kata, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Na Silvano hasomi muziki wowote kwenye karatasi. Alijifunza kwa kukaa karibu na mjomba wake na kutazama vidole, kama mimi nilivyokaa karibu na Baba, tofauti ikiwa kwamba yeye alifika.

Alikuja dukani Jumanne, tarehe sita, na koti lenye mkono uliofumuka. Duka langu ulishaliona kwenye picha: mlango mmoja baina ya muuza vitambaa na muuza viungo, mpaka suti za wateja wangu hunukia bizari. Tunakaa wawili, mimi na Damien, Mkongo wa Bukavu, fundi wa nguo za harusi, ambaye Jumapili hupiga gita kanisani kwao, mtaa wa La Rochelle hapa mjini. Gita lake hulitundika ukutani juu ya cherehani yangu, ati ukuta wake una unyevu. Ukuta ni uleule mmoja.

Silvano anaongea Kifaransa, kwao ni mpakani na Ufaransa, kwa hiyo Damien akawa mkalimani. Koti halikuwa shida. Shida ilikuwa kile kipande cha kuchapia nyuzi, ambacho Baba alikuwa akikiweka mdomoni akituita kula. Cha Silvano kilipotea safarini, na Jumamosi alikuwa na onyesho mtaa wa Kensington, hapa hapa mjini. Madukani aliuziwa vipande vyembamba vya plastiki, akasema kupiga navyo ni kama kula ugali kwa kijiti cha meno. Hayo ya ugali ni ya Damien, si yake, lakini maana ilikuwa hiyo. Akasema wazee wake, wakikosa, walikuwa wanachukua kifungo kinene cha koti wakakisugua mpaka kiote ncha. Ndiyo maana akamtafuta fundi nguo.

Nikamwaga kopo la vifungo mezani. Alijaribu kimoja, viwili, vitano, akikigonga kila kimoja kwenye ukucha na kusikiliza, huku akitikisa kichwa kama mama mkwe anayeonja pilau ya bi harusi. Vyote plastiki. Nikaona haya. Fundi wa miaka ishirini na mbili, kopo limejaa, na mgeni hapati kifungo.

Hapo ndipo nikaliangalia koti la kijivu nyuma ya mlango. Unalikumbuka. Ndilo Baba alilokuwa akivaa jukwaani na bendi, akalivua pale stendi siku naondoka akaniambia, "Kule watu wanavaa, usije ukafa kwa ubishi." Vifungo vyake ni vya pembe ya ng'ombe, vilikuwa vinne, kimoja kiliangukia kwenye robot moja hapa mjini, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, vikabaki vitatu. Nikakata cha juu. Sikumwambia mtu kimetoka wapi. Nilikuwa najisikia mkarimu mno, Dada, ule ukarimu unaomfanya mtu avimbe shingo.

Silvano akakigonga kwenye ukucha. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Damien akamtafutia msasa, naye Silvano akakaa kwenye kiti cha wateja akikisugua nusu saa nzima, polepole, akikijaribu kwenye shavu lake, mpaka kikawa na umbo la mbegu ya tikiti. Kisha akafungua sanduku lake.

Gita lenyewe lina tundu dogo la umbo la yai, na mti wake umechakaa pale mkono unaposugua, kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Akapiga. Nitasemaje? Mkono wa kushoto ulikuwa unakimbia na haukuwa na haraka. Kila noti ilikuwa imefika kabla sijaisubiri, na ikifika ilikuwa safi, imepigwa pasi. Muuza viungo alikuja na kijiko cha kupimia mkononi akasahau mteja wake. Damien akaninong'oneza, "Muzee Karimu, mu ule mukono muko batu batatu!" Akaenda kuchungulia nyuma ya Silvano, kweli kabisa, kana kwamba wengine wawili wamejificha.

Halafu Silvano akanyoosha kidevu kwangu, piga na wewe. Mimi! Nikakataa mara moja tu, kwa heshima, nisije nikaaminiwa. Nikalishusha gita la Damien, na vidole vyangu hivi vya kutobolewa na sindano vikaenda vyenyewe kwenye ule wa uani. Wimbo wa Baba wa Ijumaa, ule usio na maneno, aliokuwa anampigia Mama akipika vitumbua. Nilikuwa sijaupiga tangu msiba.

Unajua nina nini mimi katika wimbo ule. Nina ridhimu tu. Mimi nilipewa gita nipige chini, wewe ukaambiwa mtoto wa kike ushike mwiko, na wewe ukashika mwiko na ukaushika wimbo wote wa juu mdomoni, kila kona yake. Nilipiga, Silvano akasikiliza mzunguko mzima macho yamefumbwa. Kisha akauliza kitu. Damien akasema, "Anasema hii ni nyumba bila watu. Wimbo uko wapi?" Nikamjibu uko Morogoro.

Akaanza kuutafuta. Alijaribu njia, akarudi, akajaribu nyingine. Haikuwa yenyewe, lakini Dada, ilikuwa inazunguka nyumba ile ikigonga madirisha, na mara moja iligusa pale panapopanda, pale ulipokuwa unafumba jicho moja. Nikaona ni wakati wa kutoa zawadi yangu. Nikamwambia Damien amfasirie: wimbo huu aliutunga marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, na hicho alichoshika mkononi ni kifungo cha koti lake.

Nilitegemea akinikumbatia nijikaze nisilie.

Silvano alinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Akauliza, alifariki lini? Nikasema Oktoba. Akakiweka kile kipande juu ya cherehani yangu, taratibu, kama unavyoweka yai. Akafunga sanduku. Akasema maneno mawili matatu kwa lugha ambayo hata Damien haijui, akatoka. Koti lake lenye mkono uliofumuka akaliacha.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilisema wimbo wa baba yangu umemchefua. Nilisema nguo ya maiti wa Kiafrika imemtia kinyaa. Damien akajaribu kusema labda kuna jambo, nikamwambia na yeye atundike gita lake kwao kwenye unyevu. Kutwa nzima nilishona mishono iliyopinda, na bibi mmoja wa hapa Fordsburg alirudisha abaya yake akiniuliza kama niliishona ndani ya basi.

Jioni Nomsa alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi. Halafu akaniuliza, "Ulimwuliza kwa nini?" Nikasema mtu akitoka mlangoni unamwuliza mgongo? Akasema, "Eish, Karimu. Dada yako naye ulimwuliza kwa nini?" Akaendelea kumenya. "Kila watu wana namna yao ya kuzika. Babangu mimi wenziwe wamelala Mazimbu, miaka ishirini sisi tulikuwa tunalia tukielekea kaskazini wakati majirani wanalia wakielekea makaburi ya hapa. Mpelekee mtu koti lake."

Wifi yako akisema kitu akiwa ameshika kisu, mimi hutii.

Jumatano nikashona ule mkono, nikapanda taksi hadi Kensington, kwenye nyumba ya wageni alikofikia. Nikamchukua na Damien, ambaye alikubali kuja baada ya kuomba gita lake liombwe radhi. Nililiomba radhi gita, Dada. Ukutani, mbele ya wateja.

Silvano alitukaribisha kahawa, na yeye ndiye aliyeanza kuomba msamaha, kwamba aliondoka kama mwizi. Akaeleza. Katika ukoo wao, mtu akifa, vitu vyake havichezewi. Vingi huchomwa, na kinachobaki hushikwa kwa idhini na kwa adabu. Wimbo wa marehemu nao hulazwa. Haupigwi mpaka wa nyumbani kwake waseme sasa uamke. Kaka yake alipofariki, yeye mwenyewe hakugusa gita mwaka mzima, yeye ambaye gita ndilo jembe lake. Na gita la kaka yake, ambalo matajiri walikuwa wameshalitafuta, walilichoma wenyewe uani. Alisema hivyo akiangalia kikombe. Babu yake, alisema, alirudi peke yake kutoka kambi za vita vya Hitler, kati ya ndugu wengi, hana picha wala kaburi la hata mmoja. Kwa hiyo wao heshima kwa wafu wanaibeba kwa namna hiyo: kwa kunyamaza mpaka waruhusiwe.

Mimi kwetu nguo za marehemu tunagawa, mtu akivaa shati la Baba ukamwona sokoni unafurahi. Nilidhani nampa heshima, kumbe nimempachika mkononi kitu cha maiti wa watu bila kumwambia, nikamfanya auchokonoe wimbo uliolala. Nikamwambia hivyo. Akacheka kidogo, akasema mimi nami nimfundishe hiyo ya sokoni, ni nzuri.

Kisha akaniuliza, mkubwa wa nyumba yenu sasa ni nani?

Nikasema ni dada yangu.

Na yeye amekupa idhini ya kuupiga?

Damien alifasiri swali lile akiwa anaangalia viatu vyake, kwa sababu yeye anajua yote, tunakaa kiti kwa kiti. Nikasema hatuongei. Silvano hakunihukumu. Alinigonga goti tu akasema, basi wewe na mimi tuko sawa, sote wawili tumeingia bila hodi.

Dada, nimeishi miaka hamsini na mbili nikiambiwa na watu kwamba mimi ni mrithi wa gita. Hakuna aliyewahi kuniuliza nani ni mrithi wa wimbo.

Ndiyo maana Alhamisi simu yako iliita. Unajua yaliyosemwa, lakini hujui upande wangu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa duka, nimevaa koti la Baba lenye vifungo viwili, kwa sababu nilidhani likinishika nitakuwa mwanamume zaidi. Nilikuwa nimeandika ya kusema kwenye kipande cha karatasi ya ramani ya suruali. Ulipoitika "Nani?" nikasahau kusoma. Nilisema nimekosa, nikasema tena nimekosa. Nikakuomba idhini ya wimbo, mimi na mgeni. Ukasema, "Subiri niweke simu chini." Nikajua imekwisha.

Kumbe ulikwenda kufunga mlango.

Halafu ukauimba. Wote, kutoka mwanzo, kwa kinywa kilichofungwa, na kile kikohozi chako katikati ambacho ninakupenda nacho. Nilichuchumaa kwenye mabaki ya vitambaa. Damien alizima cherehani yake, na mimi niliona anajifuta macho kwa kipande cha shela ya harusi ya mtu.

Ulipomaliza ukasema, "Mwambie mgeni aupige. Na wewe upige, ila usikimbie. Baba alisema ridhimu yako ni ya mtu aliyefukuzwa na nyuki." Hayo ndiyo maneno marefu ya kwanza uliyoniambia mdomo kwa sikio baada ya miezi saba, na sijawahi kutukanwa vizuri hivyo. Asante, Dada. Kwa idhini, na kwa nyuki.

Ukatuma tena ile sauti kwenye simu ili asikie mwenyewe. Silvano aliisikiliza mara moja. Nikasema nirudie? Akakataa kwa kidole. Alichukua gita akaupiga kama ulivyouimba, mpaka pale panapopanda, na pale ulipokohoa akaacha nafasi ya kukohoa. Hakukuiga kwa dhihaka. Alisema kwenye njia ya wimbo kila jiwe lina kazi.

Sasa Jumamosi. Ukumbi ni wa kawaida, viti vya plastiki, mchana wa saa tisa, nje jua bila joto. Wakongo wa kwa Damien walijaza safu mbili na watoto wao, Nomsa na mtoto wetu Amisa mbele, muuza viungo na kijiko chake, nadhani alisahau kukiacha. Silvano alikuwa na mpiga besi wake na mpiga ridhimu wake, mpwa wake, kijana ambaye mkono wake wa kulia ungekufanya uamini saa zote duniani zinachelewa. Walipiga nyimbo kama kumi hivi. Watu walianza wakiwa wamekaa kama mtihani wa taifa, wakaishia kusimama juu ya viti. Mama mmoja wa Kikongo alipiga vigelegele katikati ya solo, Silvano akamjibu kwa gita, kigelegele kwa kigelegele, mpaka mama akainua mikono kwamba ameshindwa.

Kabla ya wa mwisho akamtoa mpwa wake kwenye kiti akaniita mimi. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa si kusimama. Alisema mtu wa nyumba hiyo lazima awepo wimbo ukiamka. Nilipanda nikiwa na suti niliyojishonea mwenyewe kwa vipimo vya mwaka juzi, na nilipokaa, kitu kimoja nyuma kilisema "chrrr" kwa noti ya chini kabisa. Mpiga besi alisikia. Silvano alisikia pia, masharubu yalicheza. Tangu hapo sikuthubutu kusimama, na labda hiyo ndiyo iliyonizuia nisikimbie.

Akawaomba watu waweke simu zao chini. Damien akafasiri: wimbo huu umepewa idhini ya kupigwa, haukupewa idhini ya kubebwa. Wakaziweka. Kwa hiyo, Dada, haupo popote isipokuwa kwa waliokuwepo, na wewe, mwenye nao, hukuwepo. Ndiyo sababu kubwa ya barua hii. Ninajaribu kukupigia kwa kalamu.

Alitoa mfukoni kile kifungo, ambacho nilimrudishia kwa idhini yako. Nikaanza. Chapa, kata. Sikukimbia, haki ya Mungu, muulize Nomsa. Mzunguko wa kwanza aliupiga kama wako, mtupu, bila pambo hata moja, mtu huyu anayeweza kumwaga noti mia kama mchele. Mzunguko wa pili akafungua mkono. Ulikuwa ni uleule lakini umevaa: alipanda mpaka juu kabisa ya gita ambapo vidole vya watu havikai, akashuka kwa ngazi ambazo Baba hakuzijenga lakini angezikubali, nilimwona kabisa akitikisa kichwa upande mmoja na kusema, "Haya, huyo." Niliona na uani. Niliona vitumbua.

Mzunguko wa tatu ulipofika, Silvano akainua mkono wake kutoka kwenye nyuzi.

Nilidhani amesahau. Nikamwangalia. Akanionyesha kwa kidevu, endelea. Ikabaki ridhimu peke yake, chapa, kata, nyumba bila watu, mzunguko mzima, mbele ya ukumbi mzima. Watu walisikiliza wakifikiri ndivyo ulivyo. Mpaka nilipofika pale panapopanda ndipo nikaelewa kwamba mle hamkuwa mtupu. Mle alikuwa amekuachia wewe. Na nilikusikia, Dada Mayasa, kwa kikohozi chako na yote.

Baada ya onyesho akakifunga kile kipande ndani ya kitambaa chake cha mkononi akanipa. Akasema ahsante, akaniambia kwamba hiki kinakwenda kwa mkubwa wa nyumba. Nikamwuliza atapigia nini huko anakokwenda? Akanionyesha: Damien alikuwa ameshamkatia kifungo cha koti lake mwenyewe la harusi. "Mimi ningali hai," Damien akasema, "haina neno."

Basi hicho ndicho ulichokwisha kukifungua. Ni chako. Gita nalo ni lako, sitalitaja tena isipokuwa ukinituma nyuzi. Ukitaka kuliacha ndani ya sanduku, liache. Ukitaka kujifunza kwa umri huo na goti hilo, nitakucheka, halafu nitakufundisha ridhimu, kwa sababu ndiyo pekee niijuayo.

Kibali changu kimetoka, alhamdulillah. Oktoba, mwaka wa Baba ukitimia, tutakuja wote watatu kwa hitima. Nitafika kwanza kulia, kama ulivyosema. Vitu sitauliza.

Jambo dogo la mwisho. Amisa wetu, unajua, Kiswahili anakielewa chote na hajibu hata neno, ukimsalimia kwa Kiswahili anakurudishia Kiingereza kilichochanganywa na Kizulu cha mamake. Jana alikuwa anaosha vyombo. Nilisikia jikoni mtu anaimba kwa mdomo uliofungwa, nikajua hata kabla sijafika mlangoni. Aliukamata kutoka kwenye simu yangu. Alipofika pale katikati, akakohoa.

Nisalimie sana Naseeb na mkewe na mwenye ufizi wao. Shangazi Zuhura mwambie dera lake limekwisha, lipo kwa Jeremia, kama limembana aseme kwamba amenenepa asiseme nimekosea. Majirani wote wa uani, na kaburi la Baba ukipita, mwambie mtoto wake ameombewa hodi na mgeni.

Mungu akuhifadhi, akupe miaka ya kutosha kunisahihisha yote, na goti lako alipumzishe kazi ya utabiri.

Mdogo wako akupendaye, hata ukimnunia,
Karimu

(Kitambaa ni cha Silvano. Usikifue kwa jiki.)